Mwanangu anataka kuishi kwa baiskeli: je, nimlipe wakala?

*"Naishi Elgeyo-Marakwet. Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Alianza kwa kupeleka maziwa kwa baiskeli, sasa ana baiskeli ya mbio ya mitumba aliyonunuliwa na mjomba wake, na mwaka huu ameshinda mbio mbili za hapa kwetu. Ana kilo 53. Kuna mtu amejitokeza anasema ni wakala, anataka shilingi 350,000 ampeleke Ulaya kwa majaribio ya timu. Anasema bila kupitia velodromu (uwanja maalumu wa mbio za baiskeli) hakuna anayefika juu, na kwa kuwa huku hatuna velodromu lazima aondoke sasa kabla hajatimiza miaka 18. Baba yake anasema heri angekimbia kama wenzake. Bibi yake naye anadai kiti cha baiskeli kitamnyima watoto, na kijana amemdokezea mjomba wake kuwa anakufa ganzi huko chini akiendesha muda mrefu. Nishike lipi?"*

Mama, usitoe hiyo 350,000. Mengine tutayazungumza kwa utulivu, lakini hilo nimelitanguliza kwa sababu watu wa namna hiyo hawampi mzazi nafasi ya kupumua. Leo nafasi zinajaa, kesho viza inafungwa. Katika mchezo huu timu inayomtaka kijana ndiyo inayomkatia tiketi, inampa baiskeli, inamlaza na kumlisha. Mtu anayeanza kwa kukudai wewe amekwisha kupata riziki yake hata kama mwanao hatagusa pedali huko Ulaya.

Yako maswali machache ya kumuuliza, na si magumu. Mwambie ataje jina la timu na ngazi yake. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, limezigawa timu za barabarani za wanaume katika ngazi tatu. Juu kabisa ni WorldTour, chini yake ProTeam, kisha Continental, na orodha ya timu zote zilizosajiliwa iko wazi kwenye tovuti yake. Wakala wa wapanda baiskeli wa ngazi mbili za juu lazima awe amefanya mtihani wa UCI na kupewa leseni, na majina yao pia yanaonekana. Tena kijana asiye na timu iliyosajiliwa na UCI hashindani nje ya nchi bila leseni ya shirikisho la nchi yake na barua ya kumruhusu. Maana yake safari yoyote ya kweli inapitia shirikisho la Kenya kwanza. Nenda kaulize huko kama wanamfahamu bwana huyo. Ukimwambia unakwenda kuuliza naye akaanza kukasirika, umeokoa nauli.

Hilo la miaka 18 halina msingi. UCI huhesabu umri kwa mwaka wa kuzaliwa: wa miaka 17 na 18 hushindana kama vijana, wa 19 hadi 22 wana kundi lao, na timu nyingi kubwa zina timu za kukuzia vipaji zinazotafuta hasa hao wa kundi la pili. Primož Roglič wa Slovenia alikuwa mrukaji wa skii hadi miaka yake ya ishirini. Alijiunga na timu ya Continental mwaka 2013 akiwa na miaka 23, na tangu hapo ameshinda Vuelta, mbio kuu za Uhispania, mara nne, na Giro, mbio kuu za Italia, ya 2023. Kristen Faulkner wa Marekani alikuwa mpiga makasia chuoni, akaja kufanya kazi ya ofisini kwenye mambo ya uwekezaji, na baiskeli aliianza akiwa amevuka miaka 20. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 aliondoka na dhahabu mbili, moja ya barabarani na moja ya velodromu. Mwanao hajachelewa. Kinachoweza kumharibia ni kupelekwa nchi ya mbali akiwa mtoto kisheria, bila mtu wa kumtetea na bila cheti cha kidato cha nne.

Sasa velodromu. Hapa wakala wako amechukua ukweli nusu akauuza kama mzima.

Velodromu za kisasa huwa na mzunguko wa mita 250, na kona zake zimeinuka kama ukuta, zaidi ya nyuzi 40. Baiskeli ya humo haina breki wala friwili: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, upende usipende. Ndani yake kuna michezo ya namna mbili. Ipo ya mbio fupi, ya watu wenye mapaja kama magogo wanaotoa nguvu zote kwa sekunde chache. Hao kwa kawaida hawahamii barabarani, maana misuli yao imejengwa kwa kazi nyingine. Ipo na ya ustahimilivu: kufukuzana kwa timu kilomita 4, omniamu yenye mbio nne kwa siku moja, na medisoni ambapo wawili hupokezana kwa kurushana kwa mkono. Wa aina hii ndio wanaovuka. Bradley Wiggins alikusanya dhahabu za Olimpiki ndani ya velodromu kabla ya kushinda Tour de France, mbio kuu za Ufaransa, mwaka 2012. Filippo Ganna wa Italia aliweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja mwaka 2022, kilomita 56.792, na barabarani ni miongoni mwa wakali wa mbio dhidi ya saa, ambazo kila mtu huendesha peke yake. Benjamin Thomas wa Ufaransa alishinda hatua (mbio za siku moja) ya Giro Mei 2024, na Agosti yake akabeba dhahabu ya omniamu.

Kwa hiyo velodromu ni shule nzuri. Inafundisha miguu kuzunguka haraka bila kurukaruka kitini, inafundisha kukaa sentimita chache nyuma ya gurudumu la mwenzako bila woga, na inafundisha kuona pengo kabla halijafunguka. Lakini si shule pekee. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour mara nne bila kutokea velodromu. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem, mbio za Ubelgiji, mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, hadi mwisho. Eritrea wanajifunza kukaa kwenye kundi kwa kushindana barabarani, na huko mashindano ni mengi kweli. Velodromu za Afrika ni za kuhesabika, kama ile ya Cairo, ya Bellville karibu na Cape Town, na ya Abuja.

Kuna jambo la pesa pia ambalo wakala hakulisema. Mchezo wa velodromu hulipiwa zaidi na serikali na kamati za Olimpiki. Mwingereza au Mholanzi anaweza kuishi kwa posho ya taifa lake, lakini Mkenya atalipwa na nani? Barabarani wanaolipa ni wafadhili kupitia timu, na timu haijali pasipoti yako ilimradi unaisaidia kushinda. Kama ningekuwa mzazi wa Elgeyo-Marakwet ningeelekeza macho barabarani, na velodromu ningeihesabu kuwa nyongeza ikitokea.

Swali ambalo hukuuliza, na ndilo la msingi, ni kama kijana ana injini. Kushinda mbio mbili za karibu na nyumbani ni dalili njema, lakini inategemea walioshindwa ni akina nani. Ninyi mna bahati ya kuwa na mizani bora kuliko maabara nyingi: barabara inayopanda kutoka bonde la Kerio, kupitia Tambach hadi Iten. Achague kipande kisicho na mteremko hata kidogo, ajue kimo cha chini na kimo cha juu, kisha akipande kwa nguvu zake zote kwa dakika 20 hadi 30, asubuhi isiyo na upepo. Mjomba apime muda kutoka kwenye pikipiki nyuma yake, wala asimtangulie, maana pikipiki ikiwa mbele inamkatia upepo na hesabu inaharibika. Gawanya mita alizopanda kwenda juu kwa muda aliotumia, upate mita kwa saa. Akipanda mita 400 kwa dakika 20, hiyo ni 1,200 kwa saa. Wakubwa kwenye milima ya Tour de France huvuka 1,700. Kijana wa miaka 17 anayegonga 1,400 kwenye baiskeli nzito ya mitumba, tena katika kimo hicho ambako hewa ni nyepesi na kila mtu hupoteza nguvu kidogo, anastahili kuangaliwa na kocha wa kweli. Akiwa kwenye 1,000, bado anaweza kukua, ila hapo msiuze ng'ombe.

Kilo 53 zina faida na hasara, na hapa vijana wetu wengi wa milimani hushangaa wakifika Ubelgiji. Mlimani mtu hupambana na uzito wake mwenyewe, kwa hiyo kinachohesabika ni nguvu kwa kila kilo. Tuseme mwanao anatoa wati 5 (wati ni kipimo cha nguvu) kwa kila kilo: jumla ni wati 265. Mbelgiji wa kilo 75 mwenye kiwango kilekile anatoa 375. Mlimani watakwenda karibu sawa. Lakini kwenye tambarare adui ni upepo, na upepo hauulizi uzito wako. Mwili wa yule wa kilo 75 ni mkubwa, ila kifua kinachokutana na hewa hakijazidi kwa kadiri nguvu zake zilivyozidi. Anaondoka. Na upepo ukipiga kutoka ubavuni, kundi hujipanga mshazari kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na aliyekosa nafasi kwenye mstari wa kwanza anabaki ukingoni akila upepo peke yake. Nimeona vijana wenye mapafu ya ajabu wakitupwa nje ya mbio hivyo katika kilomita 30 za mwanzo, kabla mlima wowote haujaonekana.

Ndiyo maana nasema injini ni nusu tu. Nusu nyingine ni kundi. Anayejificha vizuri nyuma ya wenzake huokoa theluthi ya nguvu zake, pengine zaidi, na hiyo ndiyo anayoitumia mwishoni. Kwenye ubingwa wa dunia wa 2006 kule Salzburg, Froome akiwa na jezi ya Kenya aliondoka kwenye mstari wa kuanzia mbio dhidi ya saa na mara tu akamgonga afisa wa mashindano, wakaanguka wote wawili. Injini ya bingwa wa Tour ilikuwa tayari humo ndani, lakini macho na mikono bado ilikuwa inajifunza. Mwanao anayefanya mazoezi peke yake, au na wenzake watatu, hawezi kuijua kazi hii hata akipanda Tambach kila siku.

Kwa hiyo hatua yake ya kwanza ni kundi, na Ulaya itasubiri. Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kuna Safari Simbaz ya David Kinjah, ambako Froome mwenyewe alianzia utotoni. Team Amani nayo imekuza wapanda baiskeli wa Afrika Mashariki, hasa kwenye mbio za changarawe kama ile inayofanyika Maasai Mara. Likizo moja akae na watu wa namna hii, aangushwe kidogo, afokewe kwa kushika breki katikati ya kundi, na mtaona kama bado anaupenda mchezo. Baada ya hapo ni timu ya taifa, mashindano ya bara la Afrika, na Tour du Rwanda kila Februari, ambako timu za Ulaya huja zenyewe. Areruya Joseph alipoishinda mwaka 2017, Mkenya Suleiman Kangangi alishika nafasi ya tatu. Kigali imeandaa pia ubingwa wa dunia wa barabarani, Septemba 2025, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Na kijana akionekana huko, UCI ina kituo chake cha mafunzo Aigle, Uswisi, kinachopokea vijana wa nchi zisizo na miundombinu. Froome alipita hapo mwaka 2007, Girmay mwaka 2018. Hakuna kati yao aliyefika huko kwa mzazi kumlipa mtu wa mtaani.

Baba yake hajakosea. Riadha ni rahisi kuanza, inataka viatu na barabara ya vumbi, na kwenu makocha na makambi yako mlangoni. Baiskeli inakula pesa kila mwezi: tairi, cheni, gia, pancha, na chakula kingi kuliko unavyodhani. Baiskeli ina faida yake pia. Wakimbiaji wengi huishi kwa zawadi za mashindano, wakiumia hakuna kinachoingia. Mpanda baiskeli wa ngazi ya juu ana mshahara wa mwaka mzima, na kwa wanaume wa WorldTour kima cha chini kimevuka euro 40,000. Lakini shuka hadi Continental, ngazi ambayo mwanao angeanzia, na UCI haijaweka kima cha chini chochote. Wapo wanaopewa posho, wapo wanaopewa baiskeli na jezi tu. Jonas Vingegaard, aliyekuja kushinda Tour de France mara mbili, akiwa kwenye timu ya ngazi hiyo alikuwa anafanya kazi asubuhi kwenye kiwanda cha samaki huko Denmark, ndipo aende mazoezini. Na timu huvunjika. Ile ya kwanza ya Girmay ya kulipwa, Delko ya Ufaransa, iliishiwa fedha mwaka 2021 akiwa hana hata miaka miwili ndani yake. Yeye alipata pengine pa kwenda kwa sababu alikuwa Girmay.

Sitakuficha hatari nyingine. Kangangi niliyemtaja alifariki Agosti 2022 kwa ajali katika mbio za changarawe kule Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33, mtu aliyekuwa amekomaa kabisa kwenye mchezo. Na nyumbani magari yanatisha kuliko mashindano. Afanye mazoezi alfajiri kukishapambazuka, avae helmeti hata akienda dukani, na taa ya nyuma iwake mchana.

Nimalizie kwa bibi, ambaye hajasema upuuzi mtupu. Kati ya mifupa miwili ya kukalia inapita mishipa ya damu na ya fahamu inayohudumia sehemu za siri. Kiti kilichoinuka pua, au kilicho juu mno, humfanya mtu aukalie mshipa badala ya mfupa, na ganzi ndiyo dalili yake. Ni onyo la kufanyiwa kazi wiki hii, ila si hukumu ya ugumba. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliowahusisha wanaume zaidi ya 5,000 wanaoendesha baiskeli haukuona uhusiano kati ya saa za kuendesha na ugumba au upungufu wa nguvu za kiume. Baiskeli ya mitumba alinunuliwa kwa bei, si kwa kipimo chake, na huenda fremu ni kubwa kwake. Fundi ashushe kiti mpaka kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke bila nyonga kuyumba, alaze kiti kiwe sawa na ardhi, au pua ishuke kidogo sana, na usukani usogezwe karibu kama anajinyoosha mno. Kijana naye ainuke kitini kila baada ya dakika kumi. Na avae kaptula ya baiskeli yenye sponji bila nguo ya ndani. Hilo mjomba ndiye wa kumwambia. Ganzi ikiendelea saa kadhaa baada ya kushuka, au ikawapo hata siku asizoendesha, aonwe na daktari.

Na kwa daktari aende hata bila ganzi, kabla ya kuongeza mazoezi. Apimwe moyo kwa kipimo cha umeme, hasa kama kuna ndugu aliyewahi kuanguka na kufa ghafla akiwa kijana. Akizimia au akibanwa kifua akiwa anaendesha, aache siku hiyohiyo. Akianza kuchoka kusikoeleweka, aeleze kama huogelea au kuvuka mito na mabwawa, maana Froome aligunduliwa na kichocho mwaka 2010 baada ya muda mrefu wa kuumwaumwa. Na mkiona anakwepa ugali ili awe mwepesi, muingilie kati mapema: kijana anayekua na asiyekula vya kutosha hupunguza nguvu pamoja na uzito, na mifupa yake inabaki dhaifu. Kilo 53 hazihitaji kupunguzwa. Dawa yoyote au sindano ya "kuongeza damu" atakayopewa na kocha au wakala aikatae, kwa kuwa akipimwa atakayeadhibiwa ni yeye.

Zungumza na baba yake mpange hivi: amalize kidato cha nne, likizo ijayo aende kwenye kundi, na zile 350,000 kama kweli mnazo, sehemu ndogo itoshe helmeti, tairi mbili nzuri, fundi wa kumpimia baiskeli na nauli ya Nairobi. Akishapanda Tambach kwa saa ya mkononi, niandikie mita na dakika, pamoja na urefu wake na urefu wa fremu, nitakuambia ninachoona.